Sukari, ugali na daftari langu: miezi tisa tangu niambiwe nina kisukari (Kisumu)

Nyar Dunga (mwanzisha uzi)

Wapendwa, nimekuwa msomaji wa kimya humu tangu Februari. Wengi wenu mlinisaidia bila kujua, leo nataka kulipa deni. Ninaandika hasa kwa yule aliyetoka kupimwa wiki hii, ameketi nyumbani anaangalia sufuria ya ugali kama adui.

Ninauza chai na mandazi hapa Kisumu, njia ya kwenda Dunga. Nina miaka 44 na watoto wanne, mume wangu ni mvuvi. Ilianza na kiu. Usiku nilikuwa naamka mara nne kukojoa, na kila nikirudi kitandani nakunywa maji tena. Sketi zikaanza kunilegea kiunoni, majirani wakanisifu kwamba nimepunguza mwili. Macho yakaingia ukungu, nikadhani ni moshi wa jiko. Siku niliyotobolewa kidole mashine ya sukari ilisoma 18.3 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zangu zote za mashine). Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kikarudi asilimia 10.8. Ugonjwa huhesabiwa kuanzia 6.5.

Aliyenihudumia siku hiyo alikuwa na foleni hadi nje ya mlango, najua alikuwa amechoka. Lakini maneno aliyonipa yalinitesa: acha ugali, acha wali, acha chapati, acha mafuta, acha matunda. Nikamuuliza, sasa nile nini? Akasema, kula mboga. Nikapewa vidonge viwili vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide, nikarudi nyumbani.

Nikatii. Siku kumi na mbili nilikula kabichi ya kuchemsha na yai, dawa zote mbili nikizimeza kama nilivyoandikiwa. Siku hiyo ya kumi na mbili, saa tano asubuhi, nikiwa kibandani, mkono ulianza kutetemeka hadi kijiko kikawa kinagonga ukingo wa kikombe nilichokuwa nakoroga. Jasho likanitiririka mgongoni. Mteja ananisemesha, naona midomo inakwenda, sauti siisikii. Binti yangu wa Form Two alikuwa nyumbani kwa likizo. Alichukua sukari ya wateja, akakoroga vijiko vitatu kwenye maji, akaninywesha. Tulipopata pa kupima ilisoma 3.4, na hapo nilikuwa nimeshakunywa maji ya sukari.

Nisikilizeni hapa. Nilikaribia kufa kwa kufuata masharti ya chakula. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Ukiinywa halafu ukajinyima wanga wote, yaani ugali, wali, chapati na vya namna hiyo, sukari haina pa kusimama. Hakuna aliyenieleza.

Nikahamia kliniki nyingine. Muuguzi wa pale aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Jana usiku ulikula nini, na kwa sahani gani?" Nikaanza kueleza kwa mikono. Akanizuia, akasema kliniki ijayo njoo na sahani yenyewe. Nikaenda nayo, ile ya bati yenye maua, nimeifunga kwa leso. Akachukua kalamu ya kuandikia ukutani, akapiga mstari katikati, halafu nusu moja akaigawa mara mbili. Nusu nzima ni mboga. Robo ni samaki, maharagwe, yai au nyama. Robo ni ugali, au wali, au chapati, kimoja tu kati ya hivyo. Kisha akaniambia nimwonyeshe ugali wangu wa kawaida unafika wapi. Niliweka kiganja. Ulivuka mistari yote miwili.

Ile alama ya kalamu ilifutika kwa sabuni siku hiyo hiyo lakini mimi huiona hadi leo nikipakua.

Kitu cha pili alichonipa ni kazi ya daftari. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya kuanza kula, andika ulichokula na kiasi. Stripi za kupimia ni ghali, kwa hiyo tulipanga nipime chakula kimoja tu kwa siku, siku tatu kwa wiki. Lengo aliloniwekea ni 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baadaye. Nayaandika hapa baadhi ya yaliyomo. Hizi ni namba za mwili wangu mimi, wako utasema vyake.

Ugali mweupe wa unga wa pakiti, kipande changu cha zamani, na omena (dagaa wa ziwani) na sukuma kidogo: 7.4 ikapanda hadi 13.9.

Ugali wa wimbi na mtama, kipande kile kile: 7.1 hadi 12.8. Hapa nilivunjika moyo. Kila mtu mjini huniambia ugali wa wimbi ni dawa ya sukari, na nilikuwa nimetembea mpaka soko la Kibuye kununua gorogoro nzima ya wimbi. Unga wa nafaka nzima una nyuzinyuzi na hushibisha mapema, nami bado naupenda, lakini ni wanga. Ukila mlima wa wimbi, sukari itapanda mlima.

Ugali mweupe, kiasi cha ngumi yangu, omena, na osuga (mnavu) iliyojaa nusu ya sahani, nikaanza kwa kula mboga na samaki, ugali nikaumalizia: 7.2 hadi 9.4.

Nilirudia kwa wiki tatu nikidhani mashine imekosea. Ugali ule ule mweupe niliokatazwa. Kilichobadilika ni kiasi, mboga, na nini kinatangulia kinywani. Nikalia jikoni, kwa sababu nilikuwa nimeshajiona mtu ambaye hataketi tena mezani na watoto wake.

Uji wa wimbi usio na sukari, kikombe kikubwa, asubuhi: 8.0 hadi 14.1. Wengi huu ndio huanza nao wakidhani ni salama. Unga uliosagwa laini, ukapikwa, ukanywewa mwepesi, unafika kwenye damu haraka. Sasa asubuhi ninakula yai moja na kiazi kitamu cha kuchemsha, kidogo, cha kutosha kiganja. Cha kuchemsha nasema. Cha kuchoma kwenye majivu ni kitamu zaidi na sukari hupanda zaidi.

Nyoyo, maharagwe mengi mahindi machache: 6.9 hadi 8.8. Huyu ndiye rafiki yangu.

Na chai. Hapa ndipo nilipokuwa naumia. Nilikuwa nakunywa vikombe vitano kwa siku pale kibandani, kila kimoja vijiko vitatu. Vijiko kumi na tano, kama gramu 60 za sukari kabla sijahesabu mandazi ya kuonja. Nilishuka kijiko kimoja kila wiki, nikatia tangawizi na mdalasini kuziba pengo la ladha. Wiki ya tano ulimi ulikuwa umezoea. Sukari guru na asali msijidanganye nazo. Sisi tumezungukwa na miwa, Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni, na watu wa huku huniambia guru ni ya asili haina neno. Mashine haijui neno asili.

Baada ya chakula cha usiku natembea hadi kwa shemeji yangu na kurudi, dakika kumi na tano. Nikitembea, namba ya saa mbili hushuka karibu pointi moja na nusu.

HbA1c ya Mei ilikuwa 8.1. Ya Agosti 6.9. Daktari aliondoa glibenclamide mwezi Juni, metformin naendelea. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Mkulima wa Molo

Dada, asante sana. Nimesoma mara mbili. Baba yangu ana miaka 63, anaishi Njoro, amepimwa wiki iliyopita, 15 na kitu. Sisi huku ugali si kila siku. Ni viazi, mukimo (viazi vya kupondwa na mboga), githeri (mahindi na maharagwe), na maziwa, maana ng'ombe tunaye. Mzee amekasirika, anasema kama hawezi kula viazi alivyolima mwenyewe basi wamwache. Nimwambie nini?

Nyar Dunga

Ndugu yangu, usimwambie aache. Mimi niliambiwa niache na nimeeleza kilichonipata. Mwache ale viazi, robo ya sahani, vya kuchemsha, vizima. Vikipondwa vinafyonzwa haraka, kwa hiyo mukimo upakuliwe mdogo zaidi. Githeri mpikieni maharagwe yawe mengi kuliko mahindi. Halafu mpime mbele yake, aone namba mwenyewe. Mzee anayelima anaelewa mizani. Ataiamini mashine kabla hajakuamini wewe.

Sista wa Kakamega

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 16, nane kati yake kliniki ya sukari. Mama, umeeleza vizuri, naongeza machache kwa usalama wa wasomaji.

Haya yote yanahusu kisukari cha aina ya pili. Mwenye aina ya kwanza kongosho lake halitengenezi insulini, na hata akila kwa nidhamu namna gani, asiache sindano wala kuipunguza kwa kusoma uzi. Mjamzito vilevile aende kliniki yake.

Ukianza kupunguza wanga na unatumia glibenclamide, gliclazide au insulini, mwambie daktari kabla, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kushushwa. Metformin peke yake mara chache huangusha sukari, kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Imezeni pamoja na chakula, itapunguza kichefuchefu na kuendesha.

Sukari ikishuka chini ya 4, au ukatetemeka na kutoka jasho na huna mashine: vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ndogo ya kawaida, yenye sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikisimama, kula chakula. Aliyezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na miguu. Ikagueni kila jioni, nyayo na kati ya vidole. Macho yapimwe kila mwaka hata kama unaona vizuri.

Baba wa Njoro: maziwa yana sukari yake ya asili, kikombe kimoja kina kama gramu 12. Ale kikombe kimoja kwa siku, asinywe kama maji. Mala (maziwa ya mgando) pia ni hivyo hivyo, mradi haijatiwa sukari.

Vihiga Mjini

Mimi niko tofauti kidogo na ninyi. Mjomba wangu aliacha metformin akaanza kunywa mwarobaini na mlonge, asubuhi na jioni. Anasema anajisikia mwepesi na hakojoi tena usiku. Kwa nini tumeze vidonge maisha yote ilhali miti iko uani?

Nyar Dunga

Kaka, sikudharau. Mama mkwe wangu alinichemshia mwarobaini wiki ya kwanza, nikanywa kwa heshima yake. Ninalouliza ni moja: mjomba amepima? Mimi nilikaa na sukari ya 18 nikisifiwa nimependeza. Kujisikia mwepesi si kipimo. Nenda naye akapimwe leo, na HbA1c kama mna uwezo, urudi utuambie.

Sista wa Kakamega

Naungana naye. Mlonge kama mboga ya sahani ni chakula kizuri, upikeni. Kinachotuletea watu wodini ni kuacha dawa kimya kimya. Wanakuja na kidonda cha mguu kilichooza na sukari ambayo mashine inashindwa kuisoma, inaandika tu kwamba iko juu. Wengi wao walikuwa wanajisikia vizuri hadi wiki moja kabla.

Kuhusu vidonge vya maisha yote, iko habari njema na ni ya kweli. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa DiRECT, matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2017. Walichukua watu wenye uzito mkubwa, waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka isiyozidi sita, wakawapa mlo mdogo sana wa supu na vinywaji maalum, kama kalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilikuwa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki kama theluthi. Waliofaulu zaidi ni waliopunguza kilo nyingi na wakazizuia zisirudi. Lakini walisimamiwa na wahudumu tangu siku ya kwanza, na dawa zilisimamishwa na daktari. Msijaribu nyumbani peke yenu kwa kabichi. Mama hapo juu amewaeleza mwisho wake.

Ja Siaya

Swali langu ni la matanga. Huku kila Ijumaa na Jumamosi kuna msiba, na mimi ni mzee wa ukoo, siwezi kukosa. Unafika unapewa wali, chapati, nyama na soda, kwenye sahani moja. Ukikataa wanasema unaogopa kulishwa sumu. Mnafanyaje?

Nyar Dunga

Jaduong', hili lilinisumbua sana, na nimezika watu watatu mwaka huu.

Kwanza siendi na njaa. Ninakula nyoyo nyumbani kabla sijatoka. Pili nimejifunza kwenda jikoni mapema. Ninawasalimu akina mama wanaopika, nawaambia wazi: nina sukari, niacheni nijipakulie mwenyewe. Nilikuwa naona aibu. Mara ya kwanza niliposema, wawili kati ya wale waliokuwa wakikaanga chapati waliniambia hata wao. Mmoja alikuwa hajamwambia mumewe. Tangu siku hiyo mimi husema kwa sauti.

Kwa upande wako, mzee wa ukoo akisema "nipeni nyama na mboga, chapati nusu, na maji," nani atakushuku? Heshima yako inatosha kukulinda. Soda ndiyo ya kukataa kabisa kuliko vyote. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, vijiko kumi na viwili hivi, na haishibishi hata kidogo. Ukitakiwa kula wali, acha chapati. Kimoja.

Na ukikosea, umekosea siku moja. Mimi kwenye mazishi ya binamu yangu nilikula chapati tatu, nilikuwa na huzuni na zilikuwa moto. Usiku mashine ikasoma 15.2. Nikaandika daftarini 15.2, nikaandika chapati tatu, kesho yake nikarudi kwenye sahani yangu.

Binti Mumias

Assalam aleikum. Shangazi yangu ana sukari miaka mitatu, anatumia glibenclamide, na mwaka huu alifunga Ramadhani yote kwa siri. Alianguka mara mbili. Futari yetu ni tende, viazi, tambi na uji. Tunataka Ramadhani ijayo tujipange mapema.

Sista wa Kakamega

Waaleikum salaam, mwanangu. Mmefanya vyema kuanza mapema. Mpelekeni kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, aangaliwe kama anaweza kufunga na dawa zibadilishwe. Glibenclamide ndiyo hasa inayoangusha waliofunga, na dawa nyingine zipo. Akiruhusiwa kufunga, ajipime mchana, kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 afungue papo hapo, dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Futari tende moja au mbili na maji, mboga na samaki vitangulie, halafu achague kati ya viazi na tambi. Daku ale kwa kuchelewa, iwe na maharagwe au mayai, asilale bila kula.

Nyar Dunga

Kuna aliyeniandikia faraghani akiuliza kama ninawapikia watoto chakula chao mbali. Hapana. Sufuria ni moja. Nilipoanza kupika viwili nilichoka ndani ya wiki, na mdogo wangu wa miaka saba akawa anaogopa sahani yangu, anadhani ina ugonjwa. Sasa mboga ni nyingi kwa wote, dek, apoth au osuga kutegemea msimu, na kila mtu anapakua ugali wake. Mume wangu ni mtu wa ziwani, anakula wa kwake mkubwa, kazi yake inauteketeza. Ameacha kunisukumia kipande cha pili. Badala yake huniachia kichwa cha samaki, anajua nakipenda.

Gharama: osuga ya kutosha familia ni rahisi kuliko nyama, omena ni rahisi kuliko mbuta (sangara), na sukari niliyoacha kununua ndiyo inanunua stripi zangu.

Mkulima wa Molo

Nimerudi. Jana tuliketi na mzee na sahani yake. Nilichora mistari kwa mkaa kwa sababu kalamu haikushika. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaondoa viazi viwili mwenyewe, akamwita mama aongeze kabichi na maharagwe. Kabla ya kula 9.6. Saa mbili baadaye 11.2. Bado ni juu, lakini juzi kwa mukimo ilikuwa 17. Leo asubuhi ameuliza mashine iko wapi kabla hajauliza chai.

Nyar Dunga

Ndugu yangu, nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Andika tarehe, andika viazi vilikuwa vingapi na vya ukubwa gani, andika kama alitembea. Akifika kliniki abebe daftari na sahani, vyote viwili.